Mwaka Tuliomfuata Kondoo Mlimani

Nyinyi wajukuu zangu, na watoto wa wenzangu ambao maandishi haya yatawafikia, kaeni vizuri. Mimi niliishia darasa la nne, na Kiswahili ninachokiandika ni kile kile cha mdomoni, kwa hiyo msianze kunisahihisha nukta na mkato kabla hamjafika mwisho. Wale mnaosema mnaelewa lakini hamwezi kujibu, someni kwa sauti, polepole, mpaka mdomo uzoee. Habari za ukoo, nani alimzaa nani na kwa nini nikaja Uingereza, sitaziandika hapa. Mwenye kuzitaka aje aniulize nikikunja nguo, nami nitamwambia huku ananisaidia kukunja. Hapa naandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, nikifanya kazi za ndani kwa Mzee Hassanali, Northfield.

Mwezi uliopita tulimzika bintiye, Dada Zarina. Alifia hospitali, Edgbaston, mimi nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake. Baada ya maziko watu walikula biriani, na mjukuu wake mmoja akaja na bahasha ya picha za zamani. Akanionyesha moja: msichana mwembamba amevaa koti la kiume na buti kubwa, kulia kwake mzee mwenye kofia ya sufu, kushoto mtu wa uso mwekundu ameshika bunduki. Nyuma Zarina aliandika, "Baba na Mwanaidi, Uskoti." Kijana akaniuliza, "Bibi, huyu ni wewe? Mlikuwa mnawinda nini?" Nikamwambia kondoo. Wakacheka meza nzima. Siwalaumu, maana kwao kondoo ni kitu cheupe unachokiona dirishani ukiwa kwenye treni. Ila mimi biriani ile sikuimaliza. Nilikaa na kijiko mkononi nikisikia harufu ya manyoya yaliyolowa, na hamu ikanishika, hamu ya mtu, ya nyumba, na ya siku moja ambayo ningepewa nafasi ningeirudia kuanzia asubuhi.

Nyumba ya Northfield ilikuwa na sebule ndogo yenye zulia la kahawia na hita ya gesi iliyokuwa ikinguruma kama paka. Mzee alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha kuyeyusha chuma kwa sababu ya kifua. Kabla ya hapo, Tanga na baadaye Moshi, alikuwa na duka la misumari na mabati, na siku asizofungua duka alikwenda porini kuwinda. Mimi nilimkuta mzee wa kukohoa, mwenye fulana mbili chini ya shati. Lakini mwaka ule, baada ya kuona tangazo kwenye gazeti alilolikuta kwa daktari, kwamba kuna mtu Uskoti anaongoza watu mlimani kuwinda kondoo mwitu, akabadilika. Alilichana lile tangazo, akalikunja, akalitia mfuko wa shati, na kila asubuhi akawa analala kifudifudi juu ya zulia na mti wa ufagio, akilenga jagi la shaba lililokuwa dirishani. Mimi nikiingia na mashine ya kufyonza vumbi namkuta hapo.

"Mzee, sogeza miguu."

"Usinisogeze. Upepo unatoka kwake unakuja kwangu. Nimeshamkaribia."

"Umelikaribia jagi."

"Jagi hilo lina pembe, wewe huoni tu. Zima hiyo mashine, utamkimbiza."

Basi nazima, nasimama pale na kamba ya umeme mkononi, nangoja Mzee Hassanali aue jagi. Akimaliza anageuka chali, anahema, anasema, "Nyama ya dukani ina ladha ya friji, Mwanaidi. Nimechoka kula friji." Kisha ananiomba chai ya tangawizi. Nikaona ni mchezo wa mzee aliyechoshwa na mvua. Nilikuwa mjinga.

Siku moja niliingia kwenye kijistoo cha chini ya ngazi kutafuta pasi. Zarina na mdogo wake wa kiume, Firoz, wakaingia jikoni, ukuta wa mbao tu katikati yetu. Zarina ndiye aliyekuwa mkubwa, mama yao alikwisha kufa, na nyumba ilikuwa mikononi mwake. Nikamsikia anasema, "Daktari kasema kifua kimekwisha. Majira ya joto hatayaona."

Firoz akauliza, "Sasa na mlima wa nini? Atafia huko."

"Akifia huko atakuwa amefia anakokutaka. Tangu Mama afe Baba hajaniomba kitu. Sasa ameomba nyama."

"Nyama iko buchani, Zarina."

"Nyama aliyoipiga mwenyewe, ikachinjwa, akaila na watoto wake mezani kama zamani. Mara moja. Unamnyima?"

"Na nani atachinja? Yeye na kifua kile, mnyama kaanguka kule, yeye bado anahema huku?"

"Utachinja wewe."

"Mimi? Mimi hata samaki akiniangalia nageuza sahani."

"Utajifunza. Wewe ni mwanamume wa nyumba hii, Firoz, jifanye hivyo japo siku moja."

Niliketi mle stooni, pasi mapajani, mpaka wakatoka. Sikulia. Nilipotoka nilipiga pasi mashati yote ya Mzee, hata yale yaliyokwisha kupigwa, na jioni alipoomba chai nikamtilia tangawizi nyingi mpaka akaniuliza kama nataka kumponya au kumuua. Kuanzia siku ile kila alicholenga kwa ule ufagio nilikiona na mimi. Nilitaka aile nyama ile kuliko nilivyotaka kitu changu chochote, na wakati ule nilikuwa na vitu vyangu vya kutaka, mama yangu akiwa yu hai na mimi sijamwona miaka miwili.

Maandalizi yalikuwa kila Jumapili. Tulipanda basi mpaka vilima vya Lickey, tukapanda kwa miguu. Zarina alitia kilo kumi za mchele kwenye mkoba wa mgongoni ili Firoz aubebe, azoee. Firoz alikuja Jumapili mbili, ya tatu akasema ana mpira, ya nne hakusema kitu, alilala tu. Mkoba nikaubeba mimi. Kwetu Lushoto nimebeba kuni kwenye milima ambayo vilima vya Lickey ni tuta la viazi mbele yake, kwa hiyo mchele haukunisumbua. Mzee alitembea na fimbo, anapumzika kwenye kila benchi, na kwenye kila benchi ananifundisha. Lamba kidole ujue upepo. Usisimame juu ya kilele ukaonekana na mbingu nyuma yako. Usitafute mnyama, tafuta jiwe ambalo si jiwe. Waliokuwa wakitembeza mbwa walitusalimu, na mimi nilijibu kwa Kiingereza changu cha maneno ishirini, na Mzee akawa ananiambia kwa Kiswahili nani kati yao angefaa mlimani na nani angeachwa kambini kupika.

Kwenye benchi moja alinieleza alichoambiwa na sheikh wake. Alikuwa na wasiwasi, maana kondoo ni mnyama wa kufugwa. Je, aliyekwenda mwitu hukumu yake ni ipi? Sheikh akamjibu kwamba kondoo aliyeasi watu, akawa hakamatiki, ni sawa na paa. "Ukitaja jina la Mungu ukapiga," Mzee akasema, akihesabu kwa vidole, "akafa kabla hujamfikia, halali, kula. Ukimfikia yu hai, na nafasi unayo, mchinje. Ukiwa na nafasi na usimchinje, akafa, huyo kibudu. Umeelewa?" Nikamwambia nimeelewa. Akanirudishia swali mara tatu, kama mwalimu, na mara zote tatu nikajibu sawasawa. Ndiyo maana ninyi msije mkanitetea kwamba sikujua.

Siku hizi nakaa Perry Barr, mnapajua, ghorofa ya nne, dirisha linatazama uwanja mkubwa na yale majumba mapya. Kuna lifti, kuna joto la kutosha, sina la kulalamika. Lakini mara nyingine napanda treni peke yangu mpaka Northfield na kupita mbele ya nyumba ile. Wamebadili madirisha. Sebuleni kuna televisheni kubwa kama mlango. Nasimama upande wa pili wa barabara kama mtu anayengoja basi, mpaka mabasi mawili yapite, halafu narudi. Watoto wangu wananiuliza nilikuwa wapi, nasema sokoni.

Tulisafiri mwezi wa kumi na moja kwa gari la Firoz, kutwa nzima. Zarina hakuja, alikuwa na kazi. Alitufungia chapati za uwatu, kebabu kavu, mayai ya kuchemsha na achari ya embe, akaninong'oneza mlangoni, "Wee Mwanaidi, mwangalie. Na mwangalie na yule mwingine." Mwongozaji wetu aliitwa Murdo, mtu wa makamo, mfupi, uso mwekundu kwa upepo. Alitupokea kwenye nyumba ya mawe iliyo peke yake chini ya mlima, akatupiga picha na Firoz akampiga yeye na sisi. Ndiyo hiyo ya kwenye bahasha. Ndani mlikuwa na chumba kimoja cha kukaa, moto wa udongo, maana kule hukata udongo mweusi, wakaukausha, nao unawaka kama kuni, na juu ya moto kamba ya kuanikia soksi. Moshi wake ulikuwa na harufu tamu. Asubuhi Murdo alipika uji wa shayiri wa chumvi, na mimi nilikuwa wa kwanza kuumaliza. Firoz aliutazama kama umemtukana.

Jioni ya kwanza Murdo alituhadithia habari za kondoo wake, na Mzee akinitafsiria kidogo kidogo. Zamani bonde lile lilikuwa na watu, akasema. Watu wakaondolewa, nyumba zikaanguka, kondoo wachache wakabaki juu mlimani. Wakazaana, wakawa weusi, wembamba, wenye pembe nzito, na hawamjui tena mtu. Mzee alisikiliza kwa makini. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Habari ya kondoo anaijua mpaka pembe. Wenyewe walikwenda wapi, hajui." Hakumwuliza. Alikaa akitazama moto, na mimi nikajua hayuko Uskoti.

Ndipo wakapatana. Mzee alimweleza Murdo kwamba mnyama akianguka, risasi ya pili isipigwe haraka, kwanza tumfikie kwa kisu, ndivyo dini yetu. Murdo alivuta kiko chake kwa muda. Akasema yeye hapendi mnyama ateseke mlimani kwake. Atangoja kidogo, lakini hatangoja sana. Mzee akampa mkono. "Kidogo inatosha," akasema.

Siku ya kwanza tuliona ukungu tu. Siku ya pili kulipambazuka kweupe, baridi ya kukata masikio, na Firoz akashindwa kuvaa buti. Zilikuwa mpya, hakuzitembelea hata Jumapili tatu, na visigino vyote viwili vilikuwa malengelenge mabichi. Alikaa kitandani, soksi mkononi, amejiinamia.

"Baba, siwezi. Nisamehe."

"Umeshinda mpirani wiki sita, leo miguu ndiyo inakumbuka."

"Ningojeni mpaka kesho."

"Murdo anasema kesho mvua." Mzee akanitazama, akafungua mkanda wake, akatoa kisu kikiwa katika ala yake ya ngozi. "Kibebe wewe, Mwanaidi."

Nikakivaa kiunoni, juu ya koti. Tulipanda saa tatu, Murdo mbele na bunduki, Mzee katikati, mimi nyuma. Ardhi ilikuwa inanyonya buti na kuziachia kwa sauti. Kila baada ya hatua arobaini Mzee alisimama, na pumzi yake ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Mara moja Murdo aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kwa macho kama huyu ataweza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ataweza. Huo ulikuwa uongo, na niliutoa bila kufikiri.

Ni mimi niliyemwona kwanza. Ng'ambo ya korongo mteremko wote ulikuwa mawe ya kijivu, na jiwe moja liligeuza kichwa. Nikamgusa Mzee mgongoni. Akatazama kwa darubini muda mrefu, kisha akacheka bila sauti, mabega yakimcheza. Tukatambaa ndani ya kijito, maji yakitupanda mikononi mpaka kwapani, yule mzee wa fulana mbili akitambaa kama mtoto, wala hakukohoa. Mpaka leo sijui alikifungia wapi kile kikohozi. Murdo akamwekea bunduki juu ya jiwe, juu ya kofia yake mwenyewe. Mzee akalala kama alivyokuwa akilala kwenye zulia, akasema "Bismillahi, Allahu Akbar" kwa sauti ya mtu anayesema na jirani, akapiga.

Kondoo dume aliruka, akakimbia hatua chache, akaanguka nyuma ya mwamba. Kundi likapotea juu. Murdo akasema tungoje robo saa, ndiyo desturi yao, mnyama afe kwa utulivu. Mzee hakutaka kungoja. Alijaribu kusimama, kifua kikamrudisha chini. Akanishika mkono wa koti, akaniambia, "Kimbia." Alipoona nasita, akagusa kile kisu kiunoni mwangu kwa kidole kimoja. Nilijua anataka nini. Msinitafutie udhuru.

Nikakimbia. Nilishuka korongo na kulipanda kama ninayekwenda kuchota maji kwetu, na Murdo nyuma yangu na bunduki, ananiita nisubiri. Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Nikauzunguka ule mwamba na kondoo yu pale, amelala ubavu, yu hai. Risasi ilipita nyuma ya bega. Jicho lake la manjano likanitazama, ubavu unapanda na kushuka, na mvuke unatoka kwenye manyoya. Nikachomoa kisu. Nikapiga goti. Nikamshika pembe, na pembe ilikuwa ya moto, sikutegemea pembe kuwa ya moto. Na hapo mkono ukakataa.

Kwetu mwanamke hachinji. Hakuna aliyenikalisha akanifundisha hivyo, nilikuwa nimekuta hivyo. Mama alikuwa na nguvu za kumbeba ndama, lakini siku ya kuchinja kuku alinipa nimshike miguu, tukasimama njiani mimi na yeye na kuku, tunangoja apite mwanamume, yeyote, hata mgeni, hata mlevi wa jana, atuchinjie. Saa nzima tunasimama. Sasa mlima mzima wa Uskoti, na mimi nimepiga goti, ninageuza shingo kutazama njiani kama atapita mtu. Nilimwona Mzee kule chini, mdogo kama kofia iliyodondoka, anapanda hatua moja anasimama. Nikasema moyoni, atafika. Kondoo akavuta pumzi ndefu. Nikasema, atafika tu. Mikono ilikuwa yangu, kisu kilikuwa kikali, jina la Mungu nilikuwa nalijua. Nilikuwa na nafasi.

Murdo alikuwa amesimama juu yangu. Alingoja kama alivyoahidi. Alingoja zaidi ya alivyoahidi, hilo namshuhudia. Na mimi nikafanya kitu ambacho nimekificha miaka yote hii, hata Zarina hakukijua. Nilimnyoshea kile kisu. Mtu wa dini nyingine, asiyejua neno moja la kusema, nikamwona anafaa kuliko mimi kwa sababu ni mwanamume. Yeye alidhani namwomba amalize. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nigeuke, akaweka mtutu mahali pake, akapiga.

Mzee alipofika midomo ilikuwa ya buluu. Murdo akamvulia kofia, akampa mkono, akamsifu kwa risasi nzuri, na Mzee akamshukuru kwa adabu zote. Ndipo akaniangalia. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, kikavu.

"Ulimkuta hai?"

Hapo ndipo pa kusimama, nyinyi mnaosoma. Murdo hakujua Kiswahili. Hakuna mwingine aliyeona. Ningesema, "Hapana, Mzee, nilimkuta amekufa, huyu alipiga kuhakikisha tu," angekula. Tungemchoma, tungemweka mezani Northfield na kachumbari, na mzee yule angefunga macho akarudi Moshi. Dhambi ingekuwa yangu, naye asingejua. Na kama ningekuwa mzito wa miguu, kama ningejikwaa korongoni, kama tungengoja robo saa ya Murdo, kondoo angekufa kwa risasi ya kwanza na angekuwa halali bila neno. Mbio zangu ndizo zilizomharibu.

Nikasema, "Hai."

"Kwa muda?"

"Muda wa kutosha."

Akaketi juu ya jiwe. Akaweka mkono kwenye manyoya ya yule mnyama, akayapapasa kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema, "Nani alikwambia mkono wako hauchinji?"

"Nyumbani ndivyo."

"Nyumbani kwa nani? Kitabuni hakuna. Nilikupa kisu, Mwanaidi. Ningekupa kisu kama mkono wako haufai?"

Nikakirudisha kisu kwenye ala. Yeye hakupandisha sauti, wala hakusema tena neno juu ya jambo lile, si siku ile wala baadaye. Tuliposhuka alinishika bega, na nilijua si kwa ajili ya kifua tu. Jioni ile Murdo alikaanga maini kwa vitunguu na siagi, nyumba nzima ikajaa. Mzee aliketi karibu na moto akamenya yai la kuchemsha, akalila na chapati baridi, na kila Murdo alipogeuza maini kikaangoni pua ya Mzee ilikuwa inafuata. Firoz, visigino kwenye beseni, akaniuliza kwa kunong'ona kilichotokea. Nikamwambia ale yai lake.

Alifariki kabla ya maua ya kwanza kutoka, kwenye kitanda tulichokuwa tumekishusha sebuleni, juu ya lile zulia. Siku za mwisho alikuwa anataka kusikia tu. "Niambie tena lile jiwe lilivyogeuza kichwa," anasema, na mimi nasema, na nikifika kwenye risasi anainua kidole, nanyamaza. Tuliishia hapo kila mara. Zarina alikuwa anasikiliza mlangoni. Baada ya maziko alinishika jikoni, akaniambia, "Neno moja, Mwanaidi. Ungemwambia alikuwa amekufa. Neno moja tu, baba yangu angekula." Nikamwambia sikuweza kumlisha kibudu mtu aliyeniamini. Tulikaa dada na dada baada ya hapo, alinioza, alipokea watoto wangu wote wakizaliwa, lakini neno hilo lilikuwa kati yetu kama kiti ambacho hakuna anayekikalia. Mwezi uliopita, siku mbili kabla hajafa, akafungua macho, mimi namlainisha midomo kwa maji, akasema kwa sauti ndogo, "Hata leo nasema, ungedanganya."

Nikamjibu, "Hata leo nasema, ningechinja."

Akafumba macho. Hatukusemezana tena. Nimebaki na hamu ya kumjibu zaidi, na hakuna wa kumjibu.

Mwaka juzi niliwapeleka baadhi yenu Lushoto, kwa mdogo wangu. Siku ya kwanza kulikuwa na jogoo wa wageni, na mjomba wenu alikuwa ameshuka mjini. Rehema na wanawake wengine wa nyumba wakawa wanamshika jogoo, wanatazama barabarani. Salma, mjukuu wangu mkubwa, msichana wa chuo kikuu, akasimama nao, anatazama huko huko wanakotazama, akaniambia kwa Kiingereza kwamba bora tumsubiri mjomba. Nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchele. Nikaweka ungo chini, nikawaambia wote, ili asiwepo wa kusema hakusikia: "Ondokeni hapo njiani. Rehema, shika miguu. Salma, osha mikono, chukua kisu, taja jina la Mungu, chinja. Mjomba wenu akirudi atakuta nyama iko jikoni."